Waifai mbili katika nyumba moja: Namna ya kumkirimu mgeni bila kumfungulia chumba cha ndani

MGENI wa siku hizi, akiisha kuketi na kupokea kikombe cha chai, huuliza swali ambalo babu zetu hawakulijua: "Nywila ya waifai ni ipi?" Mjini Machakos swali hilo huulizwa na mpwa aliyekuja likizoni, na fundi aliyeitwa kutengeneza runinga, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepangishwa chumba cha uani, na jirani ambaye bando ya simu yake imekwisha. Kumnyima mtu kitu ambacho kutolewa kwake hakupunguzi unga kwenye debe huonekana kuwa uchoyo. Hivyo basi mwenye nyumba huitaja nywila, watoto huisambaza, na baada ya mwaka mmoja hakuna awezaye kusema ni simu ngapi zinazoutambua mtandao wa nyumba hiyo na kujiunga nao zipitapo tu karibu na lango.

Aghalabu watu hudhani kwamba hasara ya ukarimu huo ni moja tu, kwamba kasi ya intaneti hupungua jioni watu wote wanapokuwa nyumbani. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Aliyepewa nywila hakupewa intaneti pekee. Ameingizwa katika mtandao wa ndani wa nyumba, yaani lile eneo ambamo tarakilishi, printa, runinga, kamera za ulinzi na ruta yenyewe huonana na kusemezana bila kutoka nje. Simu ya mgeni ikiwa na programu hasidi, hata kama mgeni mwenyewe hana nia mbaya wala habari, programu hiyo nayo imekaribishwa ndani. Inaweza kukagua ni vifaa vipi vilivyomo, kipi kina mlango uliosahauliwa wazi, na kipi bado kinatumia nywila ambayo kilitoka nayo kiwandani.

Dawa ya jambo hili ni mtandao wa pili wa waifai, uliotengwa na ule wa familia. Katika boma la Wakamba wa zamani palikuwa na thome, uwanja wa nje karibu na lango, ambapo wanaume waliwasha moto, wakaketi na kuzungumza. Aliyekaribishwa kwenye thome alipata joto la moto na mazungumzo kamili bila kuingia alikolala mwenye boma. Mtandao wa wageni hufanya kazi hiyo hiyo: mgeni hupata intaneti yote anayoihitaji, lakini vyumba vya ndani havioni. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaoamini kuwa wana mtandao wa namna hiyo hawana. Wana majina mawili kwenye orodha ya waifai, basi.

Miaka 20 iliyopita makala kama haya yasingepata msomaji hapa Ukambani. Hadi mwaka wa 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, Kenya ilitegemea setilaiti kuifikia dunia, na intaneti ilikuwa kitu cha afisi na vibanda vya saiba. Baadaye faiba ilianza kuingia majumbani. Safaricom, kwa mfano, ilianzisha huduma yake ya nyumbani mwaka wa 2017. Machi 2020 janga la Covid-19 lilipofunga shule na kuwarudisha wafanyakazi majumbani, ruta ikawa kifaa cha lazima kama jiko la gesi. Julai 2023 Starlink ikaingia nchini, ikawafaa walio mbali na njia za faiba. Kwa ufupi, mtandao ulihamia sebuleni kwa kasi, nasi tukauacha kama ulivyosimikwa na fundi siku ya kwanza.

HOFU YA M-PESA, NA HATARI YENYEWE

Swali la kwanza ambalo msomaji huuliza ni hili: je, aliye kwenye waifai yangu anaweza kuiona nambari yangu ya siri ya M-Pesa? Jibu ni kwamba hilo si jambo jepesi hata kidogo. Anayebonyeza *334# hatumii waifai kamwe. Ujumbe huo hupita katika mitambo ya simu. Programu za simu za M-Pesa na za benki nazo husimba mawasiliano yao tangu yanapotoka kwenye simu hadi yanapofika kwenye seva, hivi kwamba anayeyanasa njiani huona fumbo tupu. Ni sawa kuwa na hadhari, ila hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo.

Hatari iko kwenye vifaa visivyo na walinzi. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kawaida. Mama ni mwalimu, ana kipakatalishi chenye alama za wanafunzi, na ili aweze kuchapisha kutoka chumbani amefungua faili zake zionekane na vifaa vyote vya nyumba. Baba ana hesabu za chama cha akiba na mikopo katika tarakilishi ya mezani. Kuna kamera nne za ulinzi zilizonunuliwa Nairobi, zenye nywila ile ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha maelezo. Na kuna ruta ambayo ukurasa wake wa usimamizi hufunguliwa kwa jina "admin" na nywila "admin". Aliyemo kwenye mtandao huo huo hahitaji ustadi mkubwa kufikia chochote kati ya hivyo. Akiufikia ukurasa wa ruta, amekuwa mwenye nyumba: anaweza kubadilisha mipangilio ili anwani ya tovuti halali impeleke mtumiaji kwenye tovuti bandia.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya filamu wakumbuke yaliyotukia mwaka wa 2016. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera, ruta na vifaa vya kurekodi video, ikijaribu orodha fupi ya takriban jozi 60 za majina na nywila za kiwandani. Ilivinasa vifaa vingi mno. Mnamo Oktoba 21 mwaka huo, vifaa vya aina hiyo vilielekezwa kuifurikia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kuelekeza majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa tovuti maarufu kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Desemba 2017 vijana watatu wa Marekani walikiri mashtaka mahakamani. Hawakuwa majasusi wa taifa lolote. Walichofanya ni kugundua kwamba watu hawabadilishi nywila.

MAJINA MAWILI SI MITANDAO MIWILI

Fungua simu yako sasa hivi, utazame orodha ya mitandao iliyo karibu. Huenda ukaona jina la nyumba yako mara mbili, moja likiishia kwa 5G. Wengi huwapa wageni moja, wakajiwekea jingine, wakalala usingizi wa raha. Hayo ni masafa mawili ya redio ya ruta moja. Lile la kwanza ni gigahezi 2.4, ambalo hufika mbali na kupenya kuta za mawe vizuri zaidi. La pili ni gigahezi 5, ambalo lina kasi zaidi lakini huchoka upesi linapokutana na ukuta. (Hiyo "5G" haina uhusiano wowote na kizazi cha tano cha simu za mkononi, ingawa wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha wateja.) Kwa kawaida, aliye kwenye jina moja huonana na aliye kwenye jina la pili kana kwamba wameketi kwenye kochi moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa vile visaidizi vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi ili kuvuta waifai ifike chumba cha nyuma. Hata kama kisaidizi kimepewa jina lake, kinachofanya ni kuurefusha mtandao ule ule. Na hata ruta ya pili kamili inaweza isitenge chochote, kwa sababu tutakayoieleza punde.

ANZA NA RUTA ULIYO NAYO

Kabla ya kutumia senti yoyote, tazama kama ruta uliyopewa na kampuni ina uwezo wa mtandao wa wageni. Nyingi za miaka ya karibuni zinao. Geuza ruta utazame kibandiko chake. Pameandikwa anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Ukiwa umeunganishwa na waifai ya nyumba, andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu au tarakilishi. Ukurasa utakaofunguka karibu kila mara ni wa Kiingereza, na neno la kutafuta ni "Guest". Kampuni nyingine huzificha sehemu hizo ili mteja asiharibu mipangilio. Hapo hapana budi kupiga simu kwa huduma ya wateja na kuomba ufunguliwe, au uwekewe na wao.

Jambo la kwanza kufanya, hata kabla ya mtandao wa pili, ni kubadilisha nywila ya ukurasa huo wa usimamizi. Nywila hii si ile ya waifai, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wabadilishe moja wakidhani wamebadilisha zote. Kisha washa mtandao wa wageni, uupe jina lisilotaja ukoo wako wala nambari ya nyumba, na uchague kinga ya WPA2 au, ikiwa ruta inaikubali, WPA3. WPA2 ilitoka mwaka wa 2004 na WPA3 mwaka wa 2018. Ukiona ruta yako kuukuu inatoa WEP pekee, itupe. Udhaifu wa kinga hiyo ulianikwa hadharani tangu mwaka wa 2001.

Usiuache mtandao wa wageni wazi bila nywila eti kwa kuwa ni wa wageni. Katika mtandao wa wazi wa kawaida mawasiliano hewani hayasimbwi na ruta, na yeyote aliye kando ya barabara anakuwa mgeni wako.

Sasa tafuta kisanduku kimoja ambacho ndicho kiini cha shughuli yote. Maneno yake hutofautiana kutoka ruta hadi ruta, lakini maana yake ni ruhusa ya wageni kuufikia mtandao wa ndani. Kisanduku hicho kiwe hakina alama. Palipo na kingine cha kuwazuia wageni wasionane wao kwa wao, kitie alama. Mtandao wa wageni ambao kisanduku cha kwanza kimewashwa ni jina jingine tu la sebule yako. Hatimaye, kama ruta ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi, itumie. Mwenye laini ya megabiti 15 kwa sekunde anaweza kuwapa wageni 5, na filamu ya mpwa haitakata mkutano wa kazi wa mama.

RUTA YA PILI: NANI AKAE NJE?

Ikiwa ruta ya kampuni haina uwezo huo, utahitaji ruta ya pili, ambayo utaiunganisha na ya kwanza kwa waya. Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wasiopungua, hukosea, na kosa lao lina mantiki ya kuvutia. Husema: ruta iliyopo ni yetu, hii mpya tuwape wageni. Matokeo yake ni kinyume kabisa cha walichokusudia.

Sababu ni hii. Ruta ni bawabu anayetazama upande mmoja. Kifaa kilicho nyuma yake kikitaka kutoka, humruhusu. Kilicho mbele yake kikitaka kuingia bila kualikwa, humzuia. Sasa fikiria ruta ya pili imechomekwa kwenye ruta ya kwanza. Kwa ruta hiyo ya pili, mtandao wa ruta ya kwanza ni "nje", sawa na intaneti nzima. Kwa hiyo mgeni aliye kwenye ruta ya pili akitaka kuifikia printa au tarakilishi iliyo kwenye ruta ya kwanza, bawabu wake humfungulia mlango kwa heshima zote, kwa maana anatoka. Ni familia ndiyo isiyoweza kumfikia mgeni. Umejenga ngome, ukamweka mgeni ndani yake na watoto wako nje.

Mpango sahihi ni kuwaacha wageni kwenye ruta ya kwanza, ile ya kampuni, na kuihamishia familia kwenye ruta mpya iliyo ndani. Bawabu wa ruta ya ndani atawaruhusu wenyeji kutoka kwenda kwenye intaneti na kuwazuia wageni wasiingie. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Nywila ambayo tayari imeenea mtaa mzima ni ya ruta ya kwanza. Huna haja ya kumnyang'anya mtu kitu wala kueleza kwa nini umebadilisha nywila. Kila mtu aendelee kuitumia ile ya zamani, nanyi mnahama kimya kimya.

Kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni tundu. Waya utoke kwenye tundu lolote la kawaida la ruta ya kwanza, uingie kwenye tundu la ruta ya pili lililoandikwa WAN, ambalo mara nyingi lina rangi ya pekee au limetengwa na mengine. Ukiuchomeka kwenye tundu la kawaida na kuzima kazi ya ugawaji wa anwani, ruta ya pili itatoa waifai vizuri sana lakini hakuna kilichotengwa. Imekuwa kisaidizi cha bei ghali. Hiyo ndiyo sababu tuliyoiahidi hapo juu.

La pili ni anwani. Ruta mbili zikitumia anwani za aina moja, tuseme zote 192.168.1, zitachanganyikiwa na intaneti haitapita. Ruta nyingi mpya hugundua jambo hilo na kujirekebisha, lakini yako isipojirekebisha, ingia kwenye ukurasa wa ruta ya ndani uipe anwani tofauti, kwa mfano 192.168.5.1.

La tatu ni mahali pa kuziweka na mikondo ya redio. Ruta mbili zilizobebana kama vitabu kwenye kabati husumbuana. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna mikondo mitatu pekee isiyoingiliana, nayo ni 1, 6 na 11; ipe ya kwanza mmoja na ya pili mwingine. Nyumba nyingi za Machakos zimejengwa kwa mawe ya kuchongwa, nayo humeza mawimbi, basi heri ruta ya familia iwe katikati ya nyumba na ile ya wageni sebuleni au upande wa uani, kulingana na wanaoitumia.

La nne ni kwamba ruta ya nje bado ni njia ya wote. Mgeni mwenye hila akiukamata ukurasa wake wa usimamizi ataweza kuvuruga hata njia ya familia. Nywila yake ya usimamizi iwe ndefu na isijulikane na yeyote anayeijua ya waifai. Fauka ya hayo, familia itakuwa nyuma ya mabawabu wawili, hali ambayo haina athari kwa kusoma barua pepe, kutazama video wala kupiga simu za WhatsApp, ila baadhi ya michezo ya mtandaoni huilalamikia. Vijana watakuambia.

Wapo wanaoweka ruta tatu: ya kampuni mbele, kisha mbili zilizochomekwa kwake, moja ya familia na nyingine ya wageni, kila moja na bawabu wake. Utengano huo ni kamili zaidi, kwani hakuna upande unaoufikia mwingine. Kwa nyumba ya watu watano naona ni kupita kiasi. Kwa anayefanyia nyumbani kazi ya zahanati, ya uwakili au ya uhasibu si kupita kiasi hata kidogo, maana tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na anayeshika data za watu wengine kikazi ana wajibu wa kuzilinda.

KILA KIFAA NA MAHALI PAKE

Baada ya kuwa na mitandao miwili, swali linalobaki ni nani aishi wapi, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Tarakilishi, vipakatalishi, simu za wenye nyumba na printa ziwe ndani. Simu za wageni, wapangaji na mafundi ziwe nje. Vifaa vya katikati ndivyo vyenye mabishano.

Runinga ya kisasa ni tarakilishi isiyosasishwa mara kwa mara, na ambayo watengenezaji huisahau miaka michache baada ya kuiuza. Binafsi ningeiweka nje pamoja na wageni. Gharama yake ni kwamba simu iliyo ndani huenda isiweze kurusha picha kwenye runinga mpaka ihamie kwa muda kwenye mtandao wa nje, jambo ambalo watoto hulijifunza kwa dakika moja na wazazi hulilalamikia kwa mwezi mzima.

Kamera za ulinzi zinazotuma picha moja kwa moja kwenye intaneti nazo zikae nje. Lakini kamera zinazorekodi kwenye kisanduku kilichomo nyumbani lazima zionane na kisanduku hicho. Ukiziweka kwenye mtandao ambao vifaa vimezuiwa kuonana, asubuhi utakuta hakuna kilichorekodiwa. Hizo ziwekwe pamoja na kisanduku chake, ikiwezekana kwa waya. Popote zilipo, nywila za kiwandani zibadilishwe.

Watoto wengine huwekwa kwenye mtandao wa wageni kwa makusudi, kwa sababu ruta nyingi huruhusu mtandao huo uzimwe kwa saa, tuseme kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Anayetaka kuwachujia pia yale yasiyofaa anaweza kuandika 1.1.1.3 katika sehemu ya DNS ya ruta inayowahudumia. Ni huduma ya bure iliyozinduliwa na kampuni ya Cloudflare mwaka wa 2020, nayo huzuia tovuti nyingi za ngono na zenye programu hasidi. Mtoto mwerevu ataikwepa, lakini mdogo wake hataweza.

JARIBU KABLA YA KUAMINI

Usiridhike na maandishi ya kwenye skrini. Chukua simu, zima intaneti ya laini, uiunganishe na mtandao wa wageni. Kwanza hakikisha kwamba tovuti zinafunguka. Kisha andika kwenye kivinjari anwani ya ruta ya familia, isifunguke. Jaribu kuchapisha kwenye printa, printa isionekane. Jaribu kufungua faili za tarakilishi ya mezani, zisipatikane. Kuna programu za simu za bure zinazoorodhesha vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao. Iendeshe moja ukiwa upande wa wageni. Ikiorodhesha kipakatalishi cha mama, kazi haijaisha, hata kama fundi ameshalipwa.

Rudia jaribio hilo kila baada ya ruta kusasishwa au kubadilishwa.

WAPANGAJI, JIRANI NA SHERIA

Katika ploti za kupangisha zilizo karibu na chuo kikuu, waifai imekuwa kivutio cha wapangaji kama maji ya mfereji. Mwenye ploti huweka laini moja, akaitawanya vyumba vyote. Hapa kuwazuia watumiaji wasionane ni lazima, kwa kuwa wapangaji hawajuani na hawakuchaguana. Mwanafunzi wa chumba cha tatu hana sababu ya kuiona tarakilishi ya mwenzake wa chumba cha saba.

Ikumbukwe pia jambo ambalo mtandao wa pili haulitatui. Mitandao yako miwili, hata mitatu, hutoka nje kwa lango moja, na kwa walio nje yote ni anwani moja iliyosajiliwa kwa jina lako. Mgeni akitumia waifai yako kumtapeli mtu, uchunguzi utaanza kwa anayelipa bili. Kwa hiyo nywila ya wageni ibadilishwe kila baada ya miezi michache, na ya wapangaji kila mmoja anapohama. Kumwambia mtu si vigumu: "Mwanangu, tumebadilisha, ya sasa ni hii," yatosha, na aliyekwisha kuhama hataambiwa.

Anayeidukua sheria inamwona. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, anayevunja kwa makusudi kinga ya mfumo wa tarakilishi ili auingie pasipo idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Mwenye nyumba naye asijisahau. Kumpa mgeni intaneti ni ukarimu. Kuiuza kwa majirani kwa mwezi ni biashara ya mawasiliano, ambayo kisheria huhitaji leseni kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba ya laini za nyumbani kwa kawaida hukataza kuuza tena. Kabla ya kuwatoza wapangaji ada ya waifai, soma mkataba wako.

UMEME NA KITUFE KIDOGO

Ruta ya ziada inayotumia wati 10 ikiwashwa usiku na mchana hula takriban yuniti 7 za umeme kwa mwezi. Si nyingi, lakini zipo. Stima zinapopotea, ruta zote mbili huzimika, na mwenye betri ya akiba inayotosha ruta moja atagundua kwamba familia, ikiwa nyuma ya ruta ya pili, inahitaji zote mbili ziwake, ilhali wageni wanahitaji ile ya kwanza tu. Mwenye betri moja na achague mapema, au kwa saa hizo ahamie nje na wageni.

Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo ambacho hubonyezwa kwa sindano au ncha ya kalamu. Kikishikiliwa kwa sekunde 10 hivi, kwa ruta nyingi, hufuta mipangilio yote na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Hukuokoa ukiisahau nywila ya usimamizi. Lakini mtoto au fundi akikibonyeza, mtandao wa wageni hutoweka, nywila ya "admin" hurudi, na nyumba hubaki na mtandao mmoja wa wote, huku intaneti ikiendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotukia. Ukiona jina la zamani la kiwandani limerudi kwenye orodha ya simu yako, ndipo ujue. Andika mipangilio yako kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na hati za nyumba, mbali na ruta yenyewe.